Bi Ardis wa Bustani ya Gereza

Kabla Ardis Tollefson hajaja, mahali pale palikuwa kiwanja cha mpira wa kikapu kilichokufa. Kokoto, saruji iliyopasuka, na nguzo mbili zisizo na nyavu. Gereza la Stony Fork limezungukwa na mahindi ya Iowa kila upande mpaka macho yachoke, lakini ndani ya ukuta hapakuwa na jani la kuokota. Mimi nilikuwa nikifundisha hesabu katika mpango wa masomo wa gereza hilo, na dirisha la chumba changu lilitazama kiwanja hicho. Mengi ninayoyasimulia niliyaona. Mengine aliniambia mwenyewe, siku moja ya baridi kali ndani ya gari lake.

Alikuja mwezi wa tatu, mwanamke wa miaka sitini, mrefu, mwembamba, mabega yameinama kama ya mtu aliyezoea kupita milango mifupi. Chuo cha wilaya kilimtuma kuanzisha darasa la bustani: mihula miwili, cheti mwishoni. Afande Wubben, askari aliyepangiwa kulinda darasa hilo, alimpeleka kiwanjani akamwonyesha kokoto.

"Ndiyo hii, mama. Ukiotesha kitu hapa, nanyoa masharubu. Na haya yako mdomoni tangu nianze kazi."

Ardis alichuchumaa, akafukua kokoto kwa vidole mpaka akafikia udongo, akaunusa.

"Anza kutafuta wembe," alisema.

Mwezi wa tisa mwaka uleule Wubben alikuja kazini na mdomo mtupu, na kwa wiki nzima hakuna aliyeweza kumtazama bila kucheka. Hata Ardis alicheka, akiwa amegeuka pembeni. Ndivyo alivyokuwa. Furaha yake aliila kwa kujificha.

Alizaliwa shambani, kaskazini mwa jimbo, kwa watu wenye asili ya Norwe ambao salamu yao ni kuulizana habari za mvua. Shamba la baba yake liliuzwa akiwa na miaka ishirini na mitano, ng'ombe, trekta na vyote. Akaolewa na Verlyn, fundi wa maghala ya nafaka, mwanamume mpole aliyependa kupiga mluzi. Walipata binti mmoja, Kirsten, ambaye sasa anaishi Oregon na hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Verlyn alianguka akizoa theluji mlangoni kwao, asubuhi, na koleo mkononi. Hakuamka. Tangu siku hiyo Ardis alikuwa akila chakula cha jioni amesimama kando ya sinki. Kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja, aliniambia, ni kama kujisuta.

Kabla hajakabidhiwa kitambulisho cha kuingilia gerezani, alifundishwa masharti kwa siku tatu. Usimguse mfungwa. Usimwambie unapoishi. Usimletee kitu wala usipokee kitu. Usimwandikie barua, usizungumze na ndugu zake. Na akishaachiliwa, mwaka mzima usiwe na mawasiliano naye. Mkikutana kwa bahati tu, toa taarifa kwa maandishi kabla ya siku kwisha. Ardis alisoma yote, akatia sahihi, hakuona ugumu wowote.

"Nilidhani nakwenda kulima mboga," aliniambia.

Mwaka wa kwanza alipata wanafunzi kumi na wanne. Walitoa kokoto kwa ndoo. Walitengeneza mboji kwa maganda ya viazi kutoka jikoni. Vifaa vyao vilitundikwa kwenye ubao mweupe ambapo umbo la kila jembe na kila reki lilichorwa kwa rangi nyeusi, ili kikikosekana kimoja pengo lionekane kutoka mbali. Hakuna aliyerudi bwenini mpaka kila umbo limefunikwa. Mchana mmoja kijembe cha mkono kilipotea, wakasimama wote kwenye manyunyu saa nzima, Ardis naye kati yao ingawa Wubben alimwambia aingie ndani. Kilionekana chini ya majani makavu.

Mavuno yote yalikwenda kwa kanisa moja mjini linalogawa chakula kwa wahitaji. Mfungwa hakuruhusiwa kula hata ganda. Ardis hakubishana na mtu. Aliandika tu katika mtaala wake, somo la tisa: "Tathmini ya ladha. Nyanya, figili, njegere changa." Mkuu wa gereza akapitisha. Kuanzia hapo, kila Alhamisi ya msimu, wanaume wale walikula nyanya moja moja kwa idhini ya serikali, kisha wakaandika sentensi tatu. Ofelio Barrientos, mwizi wa magari mwenye ulimi usiolala, aliandika: "Nyanya hii ina ladha ya nyumbani kwa shangazi yangu. Sentensi ya pili sina. Ya tatu, naomba nyingine." Ardis alimpa alama zote. Nyingine hakumpa.

Leotis Bramlett aliingia darasani mwaka wa pili. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ndani. Alimuua mtu katika ugomvi nje ya baa, akiwa kijana, na hakuwa akilificha wala kulisimulia. Mikono mikubwa, miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilelewa na bibi yake mjini Waterloo, mwanamke aliyehama kutoka Mississippi na mbegu zake kwenye kitambaa.

"Bi Ardis, mbona sioni bamia?" aliuliza siku ya kwanza tu.

"Bamia inataka joto la muda mrefu, Bwana Bramlett. Hapa si Mississippi."

"Bibi yangu alipanda Waterloo, nyuma ya nyumba, kando ya reli."

"Ikazaa?"

"Ikazaa mpaka majirani wakatuchukia."

"Mzee anapigia debe kamasi," Ofelio alidakia. "Ile si mboga, ni mafua."

"Wewe uliyeunguzwa ulimi na pilipili ukiwa mtoto, unajua ladha gani? Nyamaza wakubwa waongee," Leotis alimjibu.

Ardis aliagiza mbegu. Waliotesha miche kwenye dirisha la darasa mwezi wa nne, wakaihamishia nje joto lilipotulia, na kufikia mwezi wa nane bamia ilikuwa imempita Wubben kimo. Mwaka uliofuata Leotis akadai sukuma wiki, akapata tuta zima. Akawa msaidizi wa Ardis bila mtu kumtangaza. Wanafunzi wapya walipoogopa kuuliza mbele ya watu, walimwendea yeye, naye alimpelekea Ardis swali kama vile ni lake.

Maongezi ya wawili hawa yalikuwa ya matuta tu. Vidukari, mbolea, mvua. Lakini watu wakipalilia mstari mmoja miaka mitatu hawakosi kujuana. Ijumaa moja baada ya sikukuu ya Shukrani, siku ambayo watu wa huku hukusanyika kwa ndugu zao na kula bata mzinga mpaka wasinzie, Ardis alikuja kufunika vitunguu saumu kwa majani. Leotis akamuuliza bila kuinua kichwa:

"Bi Ardis, jana ulikula nini?"

"Unajua sijibu maswali hayo, Bwana Bramlett."

"Basi ulikula peke yako."

"Nani kakwambia?"

"Aliyekula na watu hujibu haraka, masharti yawepo yasiwepo."

Ardis aliendelea kutandaza majani. Lakini jioni ile, nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alivuta kiti akaketi mezani kula. Alikaa dakika chache, akainuka akarudi kwenye sinki.

Mwezi wa saba mwaka wa nne ikanyesha mvua ya mawe. Ilikuja mchana, dakika kumi na mbili tu, mawe makubwa kama mayai. Wafungwa walikuwa wamefungiwa mabwenini kwa ajili ya kuhesabiwa. Mimi na Ardis tulitazama kutoka dirishani kwangu. Ilipokwisha alitoka peke yake akatembea kati ya matuta. Nyanya zilikuwa zimepondwa, bamia zimevunjika shingo, sukuma wiki imebaki mishipa mitupu. Nilimwona akiinama kuokota jani, akiliweka chini, akiokota jingine.

Kesho yake wanafunzi walikuja, wakasimama kwenye ukingo kama watu waliofika matangani. Ardis alijaribu kuwaeleza kuhusu bima ya mazao, somo ambalo halikuwepo kwenye ratiba, akaliacha katikati.

Leotis alikwenda kwenye ubao wa vifaa akachukua mkasi wa kupogolea. "Afande, andika kwamba huu ninao mimi," alimwambia Wubben. Kisha akarudi, akamwambia Ardis taratibu, "Juu kumekufa, Bi Ardis. Chini hawajapata habari. Tukate."

Walikata hadi mshipa wa kijani ulipoonekana. Sukuma wiki ilichipua baada ya siku tisa. Nyanya chache zilijitahidi. Bamia hazikurudi.

Baridi ile Leotis alipelekwa mbele ya bodi inayoamua nani aachiliwe, na majira ya kuchipua akapata jibu: kuachiliwa kwa masharti. Alimwambia Ardis kwenye mstari wa vitunguu, mbele ya wote, kama anavyotangaza mtu tarehe ya kung'olewa jino. Siku yenyewe hakuijua. Gerezani hawakwambii siku mpaka ifike. Ardis alisema, "Hongera, Bwana Bramlett," akampa pakiti ya vijiti vya alama za matuta aendelee kuandika majina ya mimea. Jumanne moja ya mwezi wa tano alifika darasani na kiti cha Leotis kilikuwa wazi.

"Kaondoka saa kumi na mbili asubuhi," Wubben alimwambia. "Alikuulizia kama unakuja mapema."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia unakuja saa tatu, kama siku zote."

Ardis aliitikia kwa kichwa. Alifundisha ugonjwa wa ukungu kwenye majani ya maboga, somo zima, bila kukosea neno.

Walimpeleka Leotis kwenye nyumba ya mpito ya waliotoka gerezani, na nyumba hiyo iko katika mji ambao Ardis hufanya manunuzi yake. Hakuna aliyemwambia. Alijua Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, ndani ya supamaketi, sehemu ya mboga. Alikuwa akichagua viazi. Alipoinua macho, Leotis alikuwa amesimama hatua nne mbele yake, suruali mpya ikimpwaya, miwani mpya, fungu la sukuma wiki mkononi. Uso wake ulifunguka kama mlango.

"Bi Ardis! Mungu wangu, Bi Ardis. Ngoja nikuulize kitu..."

Aliniambia kwamba mguu wake wa kulia ulikwenda mbele. Mwili ulitaka kumfuata. Kisha akakumbuka sahihi yake kwenye karatasi ile, akaona kamera juu ya vitunguu, akafikiria darasa kufungwa, wanaume kumi na wanne kurudishwa kwenye kokoto. Aligeuka. Alisukuma kitoroli mpaka kwenye mayai, akakiacha hapo na vitu vyote ndani, akatoka nje. Hakusema hata "siruhusiwi." Alimpa mgongo tu.

Jioni hiyohiyo aliandika taarifa, maana ndivyo alivyokuwa, mtu wa kutimiza. Sentensi nne. Alieleza kwamba Bwana Bramlett alimsalimu, kwamba yeye hakujibu, kwamba aliondoka.

Kumbe taarifa ina miguu. Baada ya wiki mbili Wubben alimvuta kando. "Afisa anayemsimamia Leotis alimwita. Wamemuuliza alikuwa anakufuatafuata kwa nini. Mwezi mzima hatoki nje isipokuwa kazini."

"Sikuandika kwamba ananifuata! Niliandika alinisalimu."

"Najua, mama. Ila karatasi haina sauti. Kila mtu huisoma kwa sauti yake."

Ardis aliandika barua kwa mkuu wa gereza kueleza kwamba mtu yule hakukosa lolote. Akaomba pia, kama inawezekana, ruhusa ya kumwomba radhi mara moja, mbele ya afisa ikibidi. Jibu lilikuja kabla ya Krismasi. Maelezo yamepokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Ombi la pili halikubaliki hadi mwaka utimie.

Nilijua mambo haya mwezi wa kwanza, siku gari langu lilipogoma kuwaka kwenye maegesho ya gereza na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ardis alinipa lifti. Kwa karibu miaka mitano tulikuwa tukitembea pamoja kutoka langoni mpaka kwenye magari, tukizungumza habari za theluji, na sikuwahi kumkaribisha nyumbani hata kwa kahawa. Nilidhani ana watu wake. Alikuwa na ule utulivu wa mtu mwenye watu.

Alisimulia yote macho yakiwa barabarani, mikono miwili kwenye usukani. Tulifika mlangoni kwangu, akazima injini, akaendelea.

"Miaka thelathini na minne, mwalimu. Alitoka akanikuta mimi, mtu mmoja anayemjua kwa jina. Nikamfanyia kama sijamwona."

"Ulikuwa unalinda darasa."

"Najua nilichokuwa nalinda." Alifuta kioo kwa mkono ingawa kilikuwa safi. "Alitaka kuniuliza kitu. Kila usiku nalala na swali nisilolijua."

Nilimwambia aingie ndani apate supu. Alisema amechelewa. Wote wawili tulijua hakuna aliyekuwa akimsubiri.

Darasa liliendelea. Majira ya kuchipua Ofelio, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msaidizi, alimuuliza mbele ya wenzake, "Bi Ardis, mzee umemwona huko nje?"

"Siwezi kujibu hilo, Bwana Barrientos."

Ofelio akageukia wenzake. "Kamwona."

"Sikusema hivyo."

"Angekuwa hajamwona angesema hajamwona. Haya, mzee yuko hai, tuchimbe." Na wanaume wale walichimba siku hiyo kwa furaha ambayo Ardis hakuweza kuishiriki wala kuikanusha.

Mwaka ulitimia. Ardis alisubiri wiki moja zaidi, asije mtu akasema alikosea hesabu ya siku. Aliniomba nimsindikize kwa sababu mtaa wenyewe hakuujua, na nadhani pia alihitaji shahidi. Leotis alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya matairi nyuma ya stesheni ya zamani. Tulimkuta amechuchumaa kwenye lori, ovaroli nyeusi kwa grisi, akimzomea kijana mmoja aliyeshindwa kufungua nati.

"Unaibembeleza? Ni nati hiyo, si mchumba!"

Alipomwona Ardis aliacha kucheka. Alisimama polepole, akafuta mikono kwenye kitambaa, akatazama kushoto na kulia.

"Mwaka umekwisha," Ardis alisema upesi. "Nimehakikisha. Huwezi kupata matatizo."

"Basi karibu, Bi Ardis."

Alinyoosha mkono. Ardis aliutazama kwanza. Alikuwa amefanya kazi na mtu huyu miaka mitatu na hajawahi kuugusa mkono huo. Kisha akaushika.

"Nimekuja kukuomba radhi. Ya supamaketi. Na ya taarifa. Sikuandika kwamba ulinifuata."

"Ah, hiyo!" Leotis alipunga kitambaa. "Mimi nimekaa mle miaka thelathini na minne, wewe unadhani siyajui masharti? Mimi ndiye nilijisahau. Nilikuona nikafurahi, nikawa mjinga."

"Ulitaka kuniuliza kitu."

Alifikiri. "Mashine," alisema. "Zile za kujilipia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama na mboga yangu, nimetazama watu wanavyofanya, sikuelewa unaipimaje. Nikaona aibu kuuliza mtoto wa dukani. Nikakuona wewe nikasema, huyu hatanicheka."

Ardis aliinamisha macho.

"Mama mmoja akanionyesha," Leotis aliongeza haraka, akiona uso wake. "Tena mama huyo, ngoja nikwambie, tunakwenda naye kanisani siku hizi. Anaitwa Rosetta. Kwa hiyo ungenisaidia wewe, nisingempata." Akacheka, na alikuwa akicheka kweli.

Alituletea viti viwili na kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Alimwita tajiri wake aje amsalimu "mwalimu wangu." Ardis akaanza kumweleza kuhusu bustani, kwamba Ofelio ndiye msimamizi sasa, kwamba bamia za mwaka huu zimenyooka. Leotis alisikiliza kwa adabu. Ardis akamwambia kanisa lile la mboga lina kiwanja nyuma, wanatafuta mtu wa kukishika, na kwamba angeweza kumwombea.

Leotis alizungusha kikombe mkononi.

"Bi Ardis, usinifikirie vibaya. Udongo siutaki tena."

"Hutaki?"

"Rosetta alininunulia mche wa nyanya kwenye ndoo. Nikaugusa, nikasikia filimbi ya kuhesabiwa. Nilisimama wima jikoni kwangu, peke yangu, nikisubiri jina langu liitwe. Nikampa jirani ile ndoo." Alimtazama usoni. "Bustani yako iliniweka hai, nisikudanganye. Lakini ilikuwa mlemle ndani. Wewe ukitoka jioni ulikuwa unaiacha. Mimi nililala nayo."

"Sikujua," Ardis alisema.

"Ungejuaje? Nilikuwa nakuficha. Ulikuwa unafurahi sana nikipata jibu la swali."

Lori jingine likaingia, likapiga honi. Leotis akasimama. Alimwambia Ardis amwite Leotis, basi, hii habari ya Bwana Bramlett ibaki kulekule. Ardis alisema, "Sawa, Bwana Bramlett," kisha akafunika mdomo kwa mkono, na wote watatu tukacheka. Leotis aliahidi kumleta Rosetta siku moja. Aliandika namba ya Ardis kwenye mgongo wa risiti. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia yule kijana akiuliza, "Yule nani?" na Leotis akajibu, "Mtu mzuri. Leta jeki."

Njiani Ardis aliendesha bila redio. Mwishowe alisema, "Ana meno mapya. Umeona? Amepata daktari." Baada ya maili kadhaa akasema tena, "Ana watu." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeshusha mzigo na sasa hajui aweke wapi mikono.

Alifundisha miaka minne zaidi. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko awali, nadhani. Alianza kuwauliza wanafunzi wake kama kazi hii inawauma, na waliosema ndiyo aliwapa mbegu za kuchambua darasani badala ya jembe. Hakuna msaidizi mwingine aliyemkaribia vile. Au yeye hakumruhusu mtu. Leotis hakupiga simu, isipokuwa Krismasi moja, na Ardis alikuwa bafuni. Alisikia tu ujumbe, sauti mbili zikimtakia heri, ya mwanamume na ya mwanamke. Aliuhifadhi mpaka simu ile ilipoharibika.

Siku ya mwisho ya kazi hapakuwa na sherehe na wafungwa, masharti hayaruhusu. Alisema, "Rudisheni vifaa," akatazama mpaka kila umbo limefunikwa, akawapa Wubben na mwalimu mpya funguo. Ofelio, aliyekuwa amebakiza miaka sita, alisimama kwenye mstari wa kurudi bwenini akapaza sauti, "Bi Ardis, sentensi ya pili nimeipata!" Afande mwingine akamwamuru anyamaze, mstari ukaondoka. Ardis hakuijua sentensi hiyo kamwe.

Siku hizi huwa nampitia Jumapili. Nilichelewa kujifunza, lakini nilijifunza. Anaishi katika nyumba ileile. Nyuma kuna uwanja mpana wenye jua la kutosha, na umeota nyasi tupu, zimekatwa vizuri. Nilimuuliza mara moja kwa nini hapandi angalau nyanya.

"Nitampa nani?" alisema.

"Mimi."

"Wewe huli nyanya, mwalimu. Nimekuona ukizitoa kwenye mkate."

Ni kweli. Tukacheza karata. Ananishinda, nami simwachii. Simu ikalia ukutani, alikuwa Kirsten kutoka Oregon, na Ardis akasimama wima kuipokea, mkono mmoja ukilainisha nywele kana kwamba binti anamwona. Nikachukua kofia yangu nikatoka kimyakimya, nikimwacha akieleza habari za mvua.